Ngazi ya Mawe Meupe

Malachy Tuohy aliijenga ile ngazi kwa mikono yake mwenyewe na, tusifichane, alikuwa akiringa nayo. Kamati ya njia ya watalii ilikuwa imemwomba kila mwenye shamba atengeneze pa kuvukia ukuta, ili wageni watoke kwenye magofu ya abasia, makao ya kale ya watawa, mpaka kwenye maporomoko bila kubomoa kuta za watu. Majirani walipigilia mbao mbili wakaona yamekwisha. Malachy alijenga vidato saba vya mawe meupe yanayong'aa hata siku ya mvua, na katika bonde la Knockavarra siku za mvua hazihesabiki. Bi Concepta, mwalimu mstaafu aliyeongoza kamati, alimpiga picha amesimama juu ya ngazi, akaiweka kwenye jalada la kijitabu cha wageni. Tangu hapo mzee kichwa kikamvimba.

Njia ingefunguliwa Jumapili. Alhamisi dada yake Attracta akafika kutoka Boston, baada ya miaka kumi na tisa. Alikuwa na miaka sabini na sita, magoti yamechoka, mdomo bado. Alikula vipande vitatu vya mkate wa magadi huku akikitia kasoro kila kipande, kisha akataka kupelekwa kwenye kona ya shamba la chini, penye mti wa miiba.

"Kule kuna matope tu, dada," Malachy alimwambia. "Twende kwanza ukaone ngazi yangu."

"Ngazi haina miguu, itanisubiri. Mimi nimevuka bahari kwa ajili ya ile kona."

Kona hiyo Malachy hakuwahi kuilima, wala baba yake kabla yake. Pale Knockavarra mti wa miiba uliosimama peke yake haukatwi, kwa kuwa una wenyewe, na wenyewe hao hawaonekani. Malachy alizicheka hadithi hizo akiwa na watu, lakini trekta lake lilipita mbali. Hata alipohitaji mawe ya ngazi hakugusa kijiti cha mti ule. Alizoa tu yale mawe meupe yaliyotapakaa chini yake, arobaini na moja, kila moja kama mkate, akarudi nyumbani akijiona mtu mwenye adabu zake.

Attracta alifika pale akaangalia chini. Akazunguka mti mara moja, polepole, akiushika mkono wa mdogo wake.

"Malachy, mawe yako wapi?"

Naye, masikini, akatabasamu. Alinyoosha kidole kuelekea ukutani akingoja kusifiwa.

Attracta alikaa chini kwenye nyasi mbichi na koti lake zuri. Hapo akamweleza. Zamani mtoto akifa kabla ya ubatizo, uwanja wa kanisa haukumpokea. Baba ndiye aliyemchukua ndani ya kisanduku, peke yake, bila padri wala kengele, akamfukia kwenye kona kama ile na kumwekea jiwe jeupe lisilo na jina. Pale walikuwa wamelala watoto wa bonde zima. Mmoja alikuwa kaka yao, aliyezaliwa mwaka mmoja kabla ya Malachy. Kila Mei mama yao alikwenda kuliosha lile jiwe, na Attracta alimbebea ndoo.

"Nimeishi hapa miaka sitini na minane," Malachy alisema. "Mbona mimi sikuambiwa?"

"Wanaume walizika, wanawake wakakumbuka. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini wewe Mama alitaka kukuambia. Aliniandikia barua ile Mei ya mwisho. Alisema, nitamwomba Malachy anipeleke kwenye mti, nimwonyeshe."

Malachy akaikumbuka Mei ile. Alimwona mama yake mlangoni mwa banda, na koti la Jumapili, fimbo mkono huu na ndoo mkono huu. Yeye alikuwa akikata kondoo manyoya. Nipeleke kwenye mti, mwanangu. Kesho, Mama. Akaja tena siku ya pili, na ya tatu, na koti lilelile, na jibu likawa lilelile. Siku ya nne hakuamka. Miaka yote hiyo Malachy alikuwa akiamini kwamba uzee ulikuwa umemchanganya.

"Jiwe la kaka yetu lina mstari mwekundu," Attracta alisema. "Umelizunguka kama kamba ya kifurushi."

Hakukuwa na haja ya kulitafuta. Malachy alilijua. Alikuwa amelichagua kwa sababu ya mstari huo, akaliweka kidato cha juu kabisa, mahali pa kukanyagwa na kila mtu.

Ijumaa nzima alivunja saruji kwa nyundo na patasi. Bi Concepta alikuja mbio kulalamika, akaambiwa. Alivua glavu zake nzuri, akaanza kubeba mawe. Kufikia Jumamosi mchana yote arobaini na moja yalikuwa yamerudi chini ya mti, yameoshwa, lakini lipi ni la nani na lilikuwa wapi, hilo hakuna aliyelijua. Attracta alijaribu kuhesabu hatua tano kushoto kwa mti, akakumbuka kwamba hatua zile zilikuwa za mtoto wa miaka minane. Mwishowe akampa Malachy lile lenye mstari.

"Weka wewe."

"Wapi, dada?"

"Sijui, mdogo wangu. Mama ndiye aliyejua."

Akalishika jiwe kifuani muda mrefu. Aliuliza kama mtoto alikuwa na jina. Attracta akamwambia mama alimwita Fiachra, kimoyomoyo, maana padri hakumpa. Malachy akalitamka jina hilo kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapiga magoti, akaliweka jiwe mahali ambapo huenda ndipo, na huenda sipo.

Jumapili wageni walivuka ukuta kwa mbao mbili na misumari. Wengi waliuliza ile ngazi nzuri iko wapi. Vijitabu vilikuwa vimeshachapwa na kila mmoja alikuwa na chake mkononi, na kwenye jalada lake Malachy akitabasamu, buti lake juu ya jiwe la kaka yake.