Kiuno cha Suruali

Moyo uliponigomea, daktari alinipeleka chumba cha mazoezi cha hospitali, tunakotembea juu ya mashine bila kufika popote. Nilikwenda shingo upande. Mimi ni Bonge tangu shule, na nilimwambia mke wangu waziwazi: kilo zisipopungua, naacha. Mke wangu ni fundi cherehani. Hakubisha. Aliniwekea tu kiti ghorofa ya kwanza, nipumzike nikipanda kwetu ghorofa ya tatu.

Mizani niliikwepa. Kipimo changu kilikuwa suruali ya kaki, iliyokuwa ikinibana mpaka inaniacha na alama. Baada ya mwezi ikaingia bila ugomvi. Uliofuata, nikahitaji mkanda. Nikatamba mbele ya wagonjwa wenzangu, hasa Sindano, mwembamba anayehema kuliko mimi.

Siku moja dada wa mazoezi akanibembeleza nipime. Nikapanda mizani kwa mbwembwe. Uzito ulikuwa uleule.

"Mizani yenu mbovu," nikasema. "Tazama suruali."

Akatazama kiuno kwa nyuma. "Mzee, hapa pameongezwa kitambaa."

Nikapapasa. Mshono ule naujua, umenivisha tangu harusi yetu. Niliona aibu, mtu mzima kudanganywa kama mtoto.

"Basi. Sirudi hapa."

"Uzito utapungua taratibu, Mzee. Lakini moyo wako..."

Sikumsubiri amalize.

Nilianza kugomba tangu mlango wa chini, ili mke wangu anisikie akiwa juu. Kwamba amenifanya kichekesho. Kwamba Sindano atanicheka mpaka ahitaji daktari. Kwamba hiyo mashine kesho aipande yeye. Nilifika nyumbani maneno bado yamenijaa.

Alisimamisha cherehani, akatoa pini mdomoni.

"Umepumzika wapi?"

"Nipumzike wapi, na hasira hizi?"

"Kiti hukukiona?"

Nikageuka nikatazama ngazi. Kiti nilikuwa nimekipita, wala sikukikumbuka. Nilikuwa nimepanda ngazi zote nikifoka, na kifua kimetulia.

Macho yake yalijaa machozi. "Ulisema utaacha. Ningekupanulia mpaka kitambaa kiishe dukani, mume wangu. Niliogopa kukuzika."

Hasira ikaniisha. Nikavua suruali palepale, nikamkabidhi.

"Irudishe ilivyokuwa. Kesho nina mazoezi."

"Itakubana."

"Iache inibane."