Kitambaa Ambacho Hakijaisha

Mama Makhanu, mwendesha mnada, hakuwa mtu wa kukabidhiwa kikapu akakichungulia kwa adabu. Alikipindua. Vitambaa vya makochi ambavyo Nerima alikuwa amevifuma tangu mvua zianze vikamwagika juu ya meza mbele ya kanisa, vyeupe, vya maziwa na vya zambarau, na watu wakapiga makofi kabla mnada haujafunguliwa. Nerima alitabasamu kama mzazi aliyesifiwa mtoto. Kisha akaona kifurushi cha leso ya kijani kikiangukia juu ya rundo, na tabasamu likamkauka mdomoni.

Ndani ya leso ile mlikuwa na kitambaa ambacho hakijaisha. Kilikuwa cha mama yake, Nakhumicha, aliyefariki mwezi wa Machi. Alikuwa akikifuma kitandani, akafika katikati ya mstari, akasema acha apumzike kidogo, akakikunja na sindano ya kroshia ikiwa bado ndani ya uzi. Hakukikunjua tena. Tangu siku hiyo Nerima hakuwa amekigusa ila kukihamisha. Sindano ilikuwa pale pale mkono wa mama yake ulipoiacha, na maadamu ilikuwa pale, aliona kama mama yake hajamaliza kuondoka. Mawazo ya kijinga, alijua. Lakini yalikuwa yake, na hakumwomba mtu ruhusa ya kuyawaza. Asubuhi hiyo alikuwa amepakia kikapu kwa haraka bila kuangalia chini kabisa.

Mnada ulikuwa wa kikundi cha Tuinuane, akina mama wa kanisa lile la Gilgil wanaozunguka nyumba za wagonjwa wasioweza kutoka, wakiwaogesha, wakiwapelekea uji na dawa. Vitambaa, sabuni za kujitengenezea, shanga na mayai, vyote viliuzwa ili kununua viti vya magurudumu. Nerima aliwapenda kwa sababu nzuri. Walimwogesha mama yake mpaka siku ya mwisho, wakimwimbia. Lakini tangu mazishi alikuwa amekataa kuingia nyumba ya mgonjwa yeyote. Nitafuma, aliwaambia, nyinyi mtembee. Nao wakamwacha afume.

Sasa mtu angeuliza, kwa nini hakuinuka tu akasema kile si cha kuuzwa? Huyo hajui kanisa lile. Kitu kikishainuliwa juu mnadani ni cha Mungu, na kukidai ni sawa na kutia mkono kwenye sahani ya sadaka ukatoa chenji. Kuna mzee mmoja aliyewahi kubadilisha nia akamtoa jogoo wake mnadani. Jogoo aliliwa zamani, wajukuu wamezaliwa, na mpaka leo mzee anaitwa Jogoo, hata na pasta.

Mama Makhanu alifungua leso, akainua kitambaa, na sindano ikaning'inia hewani. Kanisa likacheka.

"Hii ni nusu," alisema, "lakini bei iwe mzima. Nani ako na moyo?"

Nerima alitazama sakafu na kuomba asitokee mtu. Akatokea. Mwanamume mrefu wa kiti cha nyuma aliinua mkono. Alikuwa Kiplangat, mkulima wa viazi anayekaa ng'ambo ya reli, mtu ambaye hununua mayai mnadani kila mara, kisha huyarudisha yauzwe tena. Hivyo ndivyo wenye roho nzuri hufanya pale. Unanunua, unarudisha, kinauzwa upya, na kikundi kinapata mara mbili. Nerima akapata tumaini. Akirudisha, alijiambia, nitakinunua mimi, hata kama ni kwa kuuza meko.

Kiplangat hakurudisha. Alikikunja polepole, sindano na yote, akakitia ndani ya koti upande wa kifua, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Nerima alimfuata Mama Makhanu jikoni mwa kanisa na kumwambia yote, akilia waziwazi huku akisuuza vikombe vilivyokuwa safi tayari. Mama Makhanu alijuta sana, akajilaumu kwa huo mkono wake wa kupindua vitu. Lakini alikuwa mtu wa kutafuta njia. Alimshauri aende mwenyewe kwa Kiplangat, amwambie ni aibu kumuuzia mtu kitu nusu, na ampe vilivyoisha badala yake. Hakuna mwenye akili angekataa.

Basi wiki nzima Nerima alifuma. Alifuma seti ya makochi yote, na ya meza, na ya redio kama ipo. Jumamosi akavipiga pasi, akavuka reli.

Alimkuta Kiplangat akimkatia ng'ombe majani. Mzee akamkaribisha, akaulizia watoto na kazi, akasikiliza ombi lote akiwa ameshika panga. Kisha akatikisa kichwa.

"Hiyo kitambaa si yangu. Ni ya mama," alisema, akionyesha nyumba kwa kidevu. "Ingia umuulize."

Hapo ndipo Nerima alipokumbuka kwamba mke wa Kiplangat, Jepchumba, alipigwa na kiharusi mwaka uliopita, na kwamba hii ilikuwa mojawapo ya zile nyumba alizokataa kuingia. Harufu ya dawa ya kuchua ilimfikia mlangoni. Ilikuwa harufu ya chumba cha mama yake, hiyo hiyo. Angerudi. Lakini kitambaa kilikuwa ndani, kwa hiyo akaingia.

Jepchumba alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa mito. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya kitambaa kukizuia kisiteleze, nao haukuwa ukifanya kazi nyingine. Kwa mkono wa kushoto alikuwa ameshika ile sindano. Aliingiza, akakosa, akaingiza tena. Alikuwa amefuma tayari kama upana wa kiganja, na kazi yenyewe ilikuwa mbaya. Mashimo mengine makubwa, mengine yameziba, mstari unapanda na kushuka.

Nerima alitafuta kwa macho fundo la mwisho la mama yake. Akaliona, dogo na la kukaza, na baada yake vurugu. Iliuma. Iliuma kama kuambiwa upya habari za Machi.

Akaketi pembeni ya kitanda na kujitambulisha. Akafungua mfuko, akaonyesha seti yake nzuri na kuomba wabadilishane. Jepchumba aliitazama kwa heshima, kisha akaongea polepole, akisubiri kila neno limfikie mdomoni.

"Ni safi sana. Lakini tangu nigonjeke, kila kitu naletewa ikiwa imeisha. Chai imepozwa. Chapati imekatwa. Nywele nachanwa. Mzee aliona hii ikiwa nusu, akajua ni yangu." Akapumua. "Ni wewe ulianza?"

"Ni mama yangu."

"Ako wapi?"

"Alituacha. Alikuwa anaishona."

Jepchumba aliiacha sindano ndani ya uzi. Kisha akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauondoa juu ya kitambaa, akakisukuma mpaka mapajani mwa Nerima.

"Chukua, dada. Sikujua. Hiyo yangu unaweza kufumua."

Kikawa mikononi mwake, kile alichokifumia wiki nzima. Kufumua kungemchukua dakika. Uzi ungevutika mpaka kwenye fundo la mama yake na kusimama pale, na yeye angekifunga kwenye leso ya kijani na kukirudisha chini ya kikapu. Alimtazama Jepchumba, ambaye alikuwa amegeukia ukuta ili asione kikiondoka.

Mama yake alimfundisha kufuma akiwa mdogo, kwa kumshikia kitambaa kwa mikono miwili, kikiwa kimenyooka, yeye ahangaike na sindano tu. Nerima alisogea karibu. Akamrudishia Jepchumba sindano katika mkono wa kushoto, kisha akashika kitambaa huku na huku, akakinyoosha.

"Ingiza hapo," alisema. "Mimi nimeshika."

Sindano ikaingia, ikavuta uzi, na fundo likatoka dogo na la kukaza. Nerima aliliona na machozi yakamshuka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akayaacha yashuke.

Kiplangat aliingia na vikombe vya chai, akaanza kuhamisha chai ya mkewe kutoka kikombe hadi kikombe ili ipoe, kama alivyozoea.

"Wacha," Jepchumba alimwambia bila kuinua kichwa. "Weka hapo ikiwa moto. Tuko na kazi."