Kisogo cha Dereva

Mtaani walimwita Mageti, kwa sababu nusu ya mageti ya mtaa ule aliyachomelea yeye, na nusu iliyobaki hakuweza kuyapita bila kuyasema vibaya. Nyumbani kwake walikuwemo mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, binti yao wa sekondari, na mama yake mzazi, mjane aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu. Uani, chini ya bati la karakana yake, lilikaa gari lao dogo la rangi ya damu ya mzee, ambalo binti alilipa jina la Kobe. Kobe hakuwa na mbio, hakupanda mlima bila kulalamika, na mlango wake mmoja ulifunguka kwa kubembelezwa tu. Lakini nyumba ile ilimhitaji kuliko ilivyohitaji friji, na sababu yake watu wa nje hawakuijua.

Mama alianza kwa kusahau sufuria jikoni, jambo ambalo linatupata sote. Kisha akasahau chumba chake kiko upande gani. Mwisho akamsahau mwanawe. Alimwita Mageti "fundi", au "bwana" akiwa amefurahi, na alimshukuru kwa kila kikombe cha chai kama mtu aliyefikia ugenini. Kila jua lilipoanza kushuka alifunga furushi lake, kanga mbili, kitana na kipande cha sabuni, akasimama mlangoni akiwaaga. Alisema amekaa vya kutosha, ukarimu wao ameuona, sasa wamrudishe kwake. Ukimwambia hapa ndipo kwake, alilia. Ukimzuia, alipiga kelele hadi majirani wakachungulia.

Dawa yake Mageti aliipata kwa bahati tu. Jioni moja, akiwa hana la kufanya tena, alimpandisha mama kiti cha nyuma cha Kobe, akamzungusha hadi kituo cha mafuta, akapita nyuma ya shule, akarudi kwa njia ya uchochoroni. Mama aliposhuka aliingia chumba kilekile alichotoka, akaweka furushi kitandani na kusema hapa sasa ndipo kwake. Akalala kama mtoto. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba, mvua inyeshe isinyeshe, na binti akaiita safari ya kwenda kulekule.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo Mageti hakumwambia mtu ila mkewe. Mama akiwa kiti cha nyuma, akikitazama kisogo cha dereva, alimjua. Usoni alikuwa fundi, kisogoni alikuwa mwana. Hawakuwa wametoka hata getini, mara utasikia, "Mwanangu, mbona umekonda? Huyo mkeo hakupi chakula?" Mageti alijibu anapewa, tena anajaziwa sahani. Mama alimweleza kuhusu marehemu baba yake, alivyokuwa na kisogo hichohicho kilichochongoka, kisichokubali kofia. Alimkemea asiendeshe kwa fujo, ingawa Kobe hata ukitaka fujo alikuwa hana. Mageti aliingojea jioni kama wengine wanavyongojea mshahara. Zipo siku alizunguka mara mbili, akisingizia foleni. Alijua kwamba akizima gari na kumfungulia mlango, mama atamtazama usoni na kusema, "Asante, bwana."

Deni la nyumba ile halikuingia kwa mlango mmoja. Bwana mmoja aliyekuwa akijenga nyumba ya kulala wageni alimpa Mageti kazi ya madirisha na milango yote. Mageti akakopa vyuma, akakopa rangi, akamaliza kazi kwa wakati, na yule bwana akageuka mtu wa wiki ijayo. Wiki hiyo haijafika hadi leo. Mkewe akachukua mkopo wa kikundi cha kina mama ili kuziba pengo, kisha mkopo wa simu ili kuziba pengo la kikundi. Wakawa wanakopa huku walipe kule. Ada ya binti ilipoingia katikati, maji yakawafika shingoni.

Afisa mikopo alikuwa dada mpole, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hilo ndilo lililomtisha Mageti. Mtu mgomvi unaweza kugombana naye, ila mtu anayekuuliza hali ya mama kabla ya kupiga picha samani zako utamfanya nini? Alipiga picha cherehani, friji, mashine ya kuchomelea, na Kobe kwa mbele na kwa ubavuni. Akasema friji na cherehani hazifiki popote. Akawaachia wachague wenyewe kati ya mashine na gari, na wauze wenyewe ili wapate bei ya maana, kwa sababu ofisi yake ikiuza, inauza kwa hasara, na hasara inawarudia wao.

Walipobaki wawili, mkewe alikuwa amekaa nyuma ya cherehani bila kushona.

"Mashine ikienda tutakula nini?" aliuliza.

"Na gari likienda?"

Mkewe alizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Alikuwa akimpenda mkwewe, na ndiye aliyekuwa akimwogesha.

"Gari likienda tutakula," alisema. "Hayo mengine tutajua hukohuko mbele."

Mnunuzi alikuwa mwenye bucha wa mtaa wa pili, mtu mnene, safi, mkarimu wa maneno na mgumu wa mfuko. Alimzunguka Kobe akipiga matairi teke, akaucheka mlango wa kubembelezwa, akapunguza bei kwa sababu ya huo mlango, kisha akalipa taslimu. Deni lilipungua kweli, tusidanganyane. Dada wa mikopo aliacha kuja kila wiki, na mkewe Mageti akaanza kupokea simu bila kuiangalia kwanza ni nani.

Jioni ya kwanza mama alifunga furushi lake kama kawaida. Walimwambia gari limeharibika. Alisema hana neno, atangojea, akakaa kitini na furushi mapajani akingoja hadi kichwa kikaanguka kwa usingizi. Jioni ya pili mkewe alimtembeza kwa miguu, lakini magoti yalimshinda hata kabla ya kituo cha mafuta, na waliporudi alilitambua geti na kukataa kuingia, akisema kwamba hawa ndio watu walewale. Jioni ya tatu mkewe alikuja na wazo. Mageti aweke kiti mbele ya kochi la mama, akae, ampe mgongo kama dereva. Mageti alikaa. Alinyoosha hata mikono kama aliyeshika usukani, mtu mzima na ndevu zake, binti akitazama pembeni ili asicheke wala asilie.

"Huyu mgeni hana adabu," mama alisema. "Anakaaje na kunipa kisogo?"

Mageti alijikaza, akainuka, akakirudisha kiti mezani. Usiku huo hakula.

Baada ya hapo mama akaanza kutoroka. Mara ya kwanza walimkuta kwa jirani, mara ya pili dukani. Mara ya tatu walimkuta barabara kuu, furushi kwapani, mkono ameunyoosha akisimamisha magari, na lori la mchanga lilikuwa limemkwepa kwa kupanda ukingoni. Dereva wa lori alikuwa amekaa chini kando ya gurudumu. Alimuuliza Mageti, kwa sauti ya chini, kama yeye ndiye mtoto wa huyu mama, na kama ndiye, basi ni mtoto wa namna gani. Mageti alimshika mama mkono, na mama akamsihi asimrudishe kwa wale watu.

Kesho yake alimeza aibu yake akaenda bucha. Alieleza yote mbele ya nyama zilizoning'inia, na mwenye bucha aliweka kisu chini akamsikiliza hadi mwisho.

"Kesho nilikuwa nakuletea wewe mwenyewe lile gari," alisema. "Ung'oe kiti cha nyuma, unichomelee sakafu ya bati, nibebee nyama. Leo kiti bado kipo. Nitakuja jioni tumzungushe mama. Ila usukani simpi mtu, fundi. Usinichukie, ndivyo nilivyo."

Mageti alishukuru hadi akasahau kupatana bei ya kazi. Njia nzima ya kurudi alikuwa mwepesi. Hakuwaza zaidi ya kumwona mama kwenye kiti kile, hata kwa mara moja ya mwisho. Mkewe naye hakuliwaza lililokuwa mbele yao, na yeye ndiye mwenye akili katika nyumba ile.

Mwenye bucha alikuja ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama alipomwona Kobe alitabasamu, akapanda bila kusaidiwa, akaweka furushi mapajani. Mageti aliingia nyuma, akakaa kando yake. Hawakuwa wametoka getini.

"Mwanangu," mama alisema, akikitazama kisogo kinene cha mwenye bucha, "leo nakuona umenenepa. Mungu ni mwema. Mkeo sasa anakupikia."

Mwenye bucha alitazama kioo cha juu, akakutana na macho ya Mageti. Mageti alimwonyesha kwa kichwa kwamba ajibu.

"Ananipikia, mama," alisema mwenye bucha.

Wakaenda hivyo, kituo cha mafuta, nyuma ya shule. Mama alimsimulia mwenye bucha habari za marehemu mumewe na kisogo chake. Alimkanya asiendeshe kwa fujo. Mwenye bucha aliitikia kila kitu, jasho likimtoka shingoni, na Mageti aliyasikiliza maneno yake mwenyewe yakipewa mtu mwingine. Wivu ulimpanda hadi akaona haya. Walipofika uchochoroni mama alimgeukia, akamtazama kwa heshima.

"Na wewe bwana, unashukia wapi?"

"Hapo mbele, mama," alisema Mageti.

Alishuka mbele ya geti lake mwenyewe. Mama aliingia chumbani, akasema hapa sasa ndipo kwake, akalala fofofo. Mwenye bucha alibaki amesimama kando ya gari akipangusa shingo kwa kitambaa. Aliomba radhi. Mageti alimwambia hana kosa, tena amemsaidia sana, na alisema kweli.

Asubuhi mwenye bucha alileta gari, akaacha ufunguo, akaondoka haraka. Mageti alifungua boliti za kiti cha nyuma. Mbili zilikuwa zimeshika kutu, akazikata. Alikitoa kiti kizimakizima, akakiegemeza ukutani uani, kisha akapima bati, akakata, akachomelea kazi safi, kwa sababu kazi mbovu hakuijua hata siku ya msiba. Jua lilipoanza kushuka alikuwa anamalizia kona ya mwisho.

Mama alitoka ndani na furushi lake. Alimpita, akamtazama Kobe, akaona ndani hamna pa kukaa. Akakiona kiti ukutani. Alikipangusa kwa ncha ya kanga, akakaa upande uleule aliokuwa akikaa siku zote, akaelekeza uso getini. Mkewe alitoka kumchukua, lakini Mageti alimzuia kwa mkono.

Yeye akarudi kwenye chuma chake, mama akabaki na furushi lake.

"Fundi," mama alisema mwishowe, "mwanangu akija na gari, mwambie nipo hapa. Asinipite."

"Nitamwambia, mama."

"Ni mtoto mwema yule. Hajaniacha hata jioni moja."

"Namjua," alisema Mageti.

Kona ilikuwa imekwisha kushika, na mashine alikuwa ameshaizima. Alichukua miwani yake myeusi ya kuchomelea, akaivaa, akainama juu ya bati.