Mgeni wa Mazoezi ya Moto

Asubuhi ya mafunzo, Docus alipeleka chai na karanga katika ukumbi wa kampuni ya unga, Jinja, akaambiwa asiondoke. Bwana Conrad, mwalimu aliyeletwa kutoka Kampala kuwafundisha wakubwa namna ya kusema na watu siku ya maafa, alitaka mtu wa kuigiza mfiwa.

"Mama, wewe ni mjane kweli, siyo? Kaa mbele. Nikikupa ishara, lia."

"Kulia nililia nikamaliza, bwana. Lakini nitakaa."

Alikuwa na neno lake. Mumewe Geresom aliungua akafa katika kinu cha kampuni kule Namatala, Mbale, nyuma ya mlango uliotiwa kufuli ili watu wa zamu ya usiku wasiibe unga. Sasa binti yao Brendah alifanya zamu ileile, nyuma ya mlango uleule. Docus alimwomba Mungu ufunguliwe, na Mungu alimsikia. Alimwomba meneja Mugweri, na Mugweri alisema atatazama.

Zoezi likaanza: moto umewaka Mbale. Mugweri alisimama, akakohoa, akasema kampuni inasikitika.

Hapo Geresom akaingia, unga kwenye nyusi, masizi kwenye kola. Mutwalibu, askari wa getini, alikuwa amempa kitambulisho cha mgeni. Docus alimsogezea kiti, akammiminia chai.

"Habari za huko, Baba Brendah?"

"Kuzuri. Ila chai yao haina sukari."

Alikunywa, kisha akainua mkono. "Kwa nini mlango ulifungwa?"

Conrad alifurahi. "Swali zuri! Waandishi wa habari watauliza hivyo hivyo. Meneja, jibu."

"Ufunguo ulikuwa kwangu," Mugweri alisema, jasho likimtoka. "Huku Jinja. Nilikuwa nimelala."

"Aa, bwana! Usiwape kamba ya kukunyongea. Sema mnachunguza. Tena."

Geresom aliuliza tena, kwa sauti ileile. Kila alipouliza, ukumbi ulizidi joto. Rangi ya ukutani ikafura malengelenge. Conrad akaomba madirisha yafunguliwe, wakaendelea. Kufikia wakati wa chakula cha mchana, Mugweri aliweza kumtazama Geresom machoni bila kupepesa. "Tuko pamoja na familia. Tunachunguza." Watu wakapiga makofi.

"Mama, sasa lia," Conrad alisema.

Docus alisimama, macho makavu. "Bwana Mugweri, leo usiku Brendah yuko zamu. Ufunguo uko wapi?"

Mugweri alimgeukia kwa upole mkubwa. "Mama Brendah, tuko pamoja na familia. Tunachunguza."

Conrad alimwonyesha Mugweri dole gumba.

Geresom alimaliza chai. Docus alimsindikiza getini, akamfungia karanga kwa ajili ya mtoto.

"Utaufungua ule mlango?"

"Mikono yangu haishiki chuma tena. Nitakaa naye tu."

"Kaa karibu naye, basi. Mungu akutangulie."

Geresom alirudisha kitambulisho kwa Mutwalibu, akashika njia ya Mbale kwa miguu.

Docus alirudi ukumbini kufagia unga alioacha mumewe chini ya kiti. Conrad alimwuliza kama yule bwana angeweza kuja tena mwezi ujao, maana anauliza vizuri. Nyuma yake Mugweri alikuwa akijipakulia matoke, na kila alipoinama, ufunguo wa Mbale ulilia kiunoni mwake.