Mgonjwa wa Jumamosi

Mgonjwa alikuwa amebeba mfuko wa saruji begani, anapiga mluzi.

Mama Pacha alisimama kando ya barabara na kikapu mkononi, macho yamemtoka pima. Huyu alikuwa Bonge, aliyewahi kufanya kazi stoo moja na mumewe. Kwa habari alizokuwa nazo yeye, Bonge alikuwa hoi kitandani, figo zimechoka, hawezi hata kugeuka ubavu bila kushikwa. Tangu mvua za mwaka jana, kila Jumamosi Baba Pacha alitoka asubuhi na mapema kwenda kushinda na mgonjwa huyu, na kila Jumamosi Mama Pacha aliamka kabla yake kuchemsha supu ya kuku. Alichambua mifupa yote, maana mgonjwa hana nguvu za kutafuna. Akapunguza chumvi, maana aliambiwa figo na chumvi haziivi chungu kimoja. Alimwombea. Kuna siku alimfungia saumu kabisa, akashinda anashona sare za shule huku tumbo linanguruma kuliko cherehani.

Akamuuliza hali. Bonge akautua mfuko chini, akasema yeye mzima wa afya, labda mgongo tu, na mgongo wenyewe ni kwa sababu ya saruji. Akaulizia habari za Baba Pacha, akalalamika kwamba tangu yeye mwenyewe ahamie duka jingine hawajatiana machoni, na si vizuri watu waliokula chumvi pamoja kupotezana hivyo. Mama Pacha akacheka kicheko cha adabu, akaaga, akarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Hakumwambia mumewe kitu. Alikaa kwenye cherehani, akavunja sindano, akaweka nyingine, akashona mkono wa shati la mtoto wa watu akauziba mdomoni. Ndipo akampigia simu dada yake mkubwa. Dada huyu hajawahi kumwamini mwanamume mkimya tangu azaliwe, kwa hiyo kesi aliimaliza palepale: ni mwanamke, na wala si wa jana. Wakakubaliana. Jumamosi amfuate, aone kwa macho yake mwenyewe, na akishaona asirudi kwenye nyumba ile. Aje moja kwa moja kwa dada, nguo zitafuatwa baadaye.

Kilichomsumbua Mama Pacha ni kwamba hakuweza hata kukasirika sawasawa. Mwanamume mwenye hawara ana dalili zake, na hizo dalili yeye anazijua, ameshonea wanawake wengi waliofiwa na ndoa. Huyu wa kwake hakuanza kujipulizia manukato, hakuficha simu, hakupunguza fedha za matumizi. Jumamosi jioni alirudi ananuka moshi na mafuta mazito, kola imeingia masizi, anasema kwa mgonjwa wanapikia kuni. Na alirudi amenawiri. Hilo ndilo lililokuwa likimkera hata kabla ya kukutana na Bonge. Mtu gani anashinda na mgonjwa kutwa nzima halafu anarudi uso unang'aa?

Jumamosi ikafika. Alipika supu kama kawaida, akaijaza kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, akamkabidhi mumewe na salamu za pole. Kisha akajifunga mtandio wa kuazima, akavaa miwani myeusi ya jirani, akamfuata. Alitarajia aelekee kituo cha basi. Badala yake Baba Pacha alikata kona, akaenda mwendo wa bwana harusi aliyechelewa hadi stesheni ya reli.

Dirishani karani alimuuliza anakwenda wapi. Mama Pacha, ambaye hajui mbele wala nyuma kuhusu treni, akasema anakwenda mwisho wa safari.

“Mwisho upi, mama? Ipo miwili.”

Akasema ule wa mbali zaidi. Karani akamkatia tiketi, akamwambia akae mabehewa ya nyuma. Mama Pacha hakuuliza kwa nini. Nyuma ndiko alikotaka kukaa hata hivyo, apate kuchungulia vizuri. Mumewe alikuwa ameshapanda behewa la mbele kabisa, lililogusana na kichwa cha treni, kichwa kikuukuu, rangi imebabuka, kinatoa moshi mweusi na kelele za kuudhi.

Safari ilimchanganya kuliko yote aliyowahi kuona. Kila treni iliposimama, Mama Pacha alitoa kichwa dirishani, akijua hapa ndipo. Na kila iliposimama Baba Pacha alishuka kweli, lakini hakwenda popote. Alikimbilia mbele, akasimama karibu na kile kichwa, akakitazama, wakati mwingine akafumba macho kama anayesikiliza hotuba, kisha akapanda tena. Hakuna mwanamke aliyemjia. Hakumtazama hata muuza karanga. Mama Pacha akaanza kuhisi labda mumewe ameshamwona na anamchezea shere.

Walifika stesheni kubwa ambapo reli zinaachana. Hapo watu walimwagika kutoka mabehewa ya mbele, wazee kwa vijana, wengine kamera shingoni, mmoja ana kigoda. Wakaja mbio kuelekea nyuma. Mama Pacha alidhani kuna mtu ameangukia relini. Lakini walikuja wakasimama chini ya dirisha lake, pale behewa lake lilipoungana na la mbele yake, na katikati yao alikuwa mumewe, anaongea. Baba Pacha, ambaye nyumbani hujibu kwa kichwa ili kubana matumizi ya maneno, alikuwa anaeleza kitu kwa mikono miwili na watu wanamsikiliza.

Kisha Mama Pacha akamwona. Alikuwa msichana wa rika la pacha wao, amevaa suruali, nywele amezifunga kwa kamba. Baba Pacha akafungua chupa, akammiminia supu kwenye mfuniko, akampa kwa mikono miwili. Supu ya figo za Bonge! Mama Pacha akaona giza. Akajiambia ndiyo haya, sasa umeona, shuka.

Msichana akapiga funda mbili, akampitishia mfuniko mzee mwenye kamera, akainama chini kati ya mabehewa. Huko kulikuwa na mfanyakazi wa reli anafungua kulabu ya kuungia mabehewa, nene kama paja. Msichana akaielekezea simu yake ile kulabu, kurekodi mlio. Wote wakanyamaza kama watu walio makaburini. Kulabu ikalia kwa kishindo, ikaachia. Mzee mwenye kamera akashusha pumzi, mwingine akapiga makofi, na Baba Pacha akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

Mama Pacha akavua miwani. Maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi wiki nzima yalikuwa yote mdomoni, makali, yamepangwa. Akatoa kichwa dirishani. Mumewe akainua macho.

Alingojea ashtuke. Alingojea kijasho chembamba, kigugumizi, chupa idondoke. Uso wa Baba Pacha ukafunguka. Ukafunguka kama siku ile muuguzi alipowatokea na watoto wawili wakati wao walikuwa wanasubiri mmoja; tangu siku hiyo Mama Pacha hakuwahi kuuona tena ukiwa hivyo. Akawageukia wenzake, akawaambia huyu ndiye mke wake, amekuja, jamani, amekuja. Mzee mwenye kamera akavua kofia. Msichana wa suruali akamwamkia, akamshukuru kwa supu ya siku zote.

“Mimi...” akasema Mama Pacha.

Behewa likaanza kurudi nyuma. Hakujua kwamba huko mkiani kichwa kingine kilikuwa kimeshafungwa. Mumewe akakimbia sambamba na dirisha, chupa kwapani, anahema.

“Hamia upande wa pili, kuna daraja. Fungua dirisha usikilize!”

Kisha jukwaa likaisha, naye akabaki pale anapunga mkono, anazidi kuwa mdogo.

Akamuuliza mkagua tiketi anapelekwa wapi. Mkagua tiketi, mtu mpole aliyezoea abiria wa aina hii, akamweleza kwamba treni hii hugawanywa pale: mabehewa ya mbele huenda milimani na kile kichwa cha zamani, ya nyuma huenda bondeni, na alasiri yote hukutana palepale, yakaungwa, yakarudi mjini. Akaongeza kwamba wale watu hawana neno, ni wapenda treni tu. Mama Pacha akamuuliza maana ya wapenda treni. Mkagua tiketi akafikiri, akasema hata yeye, na kazi yake ni hii, hajawahi kuelewa.

Akakaa na hasira zake, na hasira hazikuwa na mtu wa kumkalia. Kama angemkuta na mwanamke, angejua la kufanya; kuna maneno yake, kuna kilio chake, kuna dada. Sasa kwa hili atamlilia nani? Kwa ukaidi akabaki upande uleule, wala hakugusa dirisha la pili. Lakini treni ilipofika kwenye daraja sakafu yote ilianza kunguruma chini ya miguu yake, na mlio ukamwingia kifuani, mzito, mrefu, kama watu wengi wanaoimba kwa sauti ya chini bila kufungua midomo. Akainuka bila kupenda. Akavuka, akafungua dirisha. Bonde lilikuwa chini huko, kijani, na mlio ulikuwa unatoka humo na kurudi humo. Ulikuwa mzuri, na jambo hilo likamuudhi mno.

Alasiri mabehewa yalipoungwa tena, Baba Pacha alikuja kwenye behewa lake mbio. Akakaa mkabala naye, magoti pamoja.

“Ulilisikia daraja?”

“Bonge haumwi,” akasema Mama Pacha.

Baba Pacha akatazama viatu vyake. “Haumwi,” akakubali.

“Nimemfungia yule mtu. Nimemlilia Mungu ampe figo.”

“Najua.”

“Na supu yangu?”

“Tunagawana. Wanaipenda mno, Mama Pacha. Ila wanasema chumvi haikolei.”

Alitaka kumpiga na ile chupa, na papo hapo kicheko kikampanda kooni. Akavimeza vyote viwili. Akamuuliza kwa nini. Akamwambia wameishi pamoja hadi watoto wamekua wakaondoka, anajua saizi ya shingo yake bila kupima, kwa nini amfiche jambo lisilo hata dhambi.

“Mgonjwa anaeleweka,” akasema mumewe. “Ukisema unakwenda kwa mgonjwa, hakuna anayekuuliza unapata nini huko. Sasa mtu mzima mimi, baba wa watoto, niseme ninakwenda kutazama kichwa cha treni kabla hawajakiuza chuma chakavu? Ningeanzia wapi?”

Alichokuwa nacho Mama Pacha ni ukweli, basi akautoa.

“Sikuja kwa ajili ya treni. Nilikuja kukufumania.”

“Na nani?”

Aliuliza kwa dhati kabisa. Akageuka, akawatazama wenzake kule jukwaani, mzee na kamera yake, msichana anayefunga kamba ya kiatu, akarudisha macho kwa mkewe, bado anatafuta. Alipoelewa, uso wake ulijifunga polepole, kama duka mwisho wa siku.

“Mimi nilidhani umekuja,” akasema. “Nilipokuona pale dirishani, nikajua umekuja.”

Neno hilo lilimchoma Mama Pacha kuliko uongo wote kuhusu Bonge. Haikuwa haki. Yeye ndiye aliyedanganywa, yeye ndiye aliyeshinda njaa, na sasa yeye ndiye anayejiona amevunja kitu cha mtu. Akazitafuta hasira zake, akazikuta ziko palepale, nzima, lakini pembeni yake kulikuwa na huruma, na kulikuwa na aibu, na hakujua aanze na ipi. Treni ikaondoka. Stesheni zikapita.

“Lile daraja lina nini?” akauliza hatimaye, kwa sauti ya ugomvi. “Mbona linalia vile?”

Baba Pacha akamtazama kwa pembeni, kama anayengoja kuchekwa.

“Unataka kujua kweli?”

“Sijui. Anza.”

Akaanza kwa tahadhari. Akasema kwingine reli hulala juu ya kokoto, na kokoto humeza mlio, lakini pale darajani hakuna kokoto, reli imekaa juu ya chuma kitupu, kwa hiyo kila gurudumu linapopita, chuma kinaambiana na chuma, halafu bonde nalo linajibu. Akasogea mbele kidogo. Akaanza kutumia mikono.

Simu ikaita. Dada, ambaye hakuwa na subira hata ya salamu, akauliza kama amemkamata.

“Nimemkamata,” akasema Mama Pacha.

Dada akataka kujua yuko na nani. Mama Pacha akamtazama mumewe. Alikuwa amekatiza katikati ya neno, mikono yote miwili iko hewani, mmoja gurudumu, mwingine reli, anamsubiri amalize.

“Dada, hata sijui nikuelezeje,” akasema. “Nitalala kwangu. Hasira bado ninazo, nitakuja nazo kesho.”