Jina la Profesa Mbele

Kosa ni langu, na nalisema kwanza ili mtu asipoteze muda kunitafutia udhuru. Niliweka jina la Profesa Mwansa mbele ya langu kwenye makala ambayo hakusoma hata ukurasa mmoja, kisha nikamsainia.

Katika idara yetu ya kemia, hapa Lubumbashi, ndivyo tunavyofanya. Msaidizi hatoi andiko bila jina la mkuu kutangulia, na kumwuliza mkuu kama anakubali ni kama kumwuliza baba mwenye nyumba kama atakula. Kwa miaka kumi na mmoja nilimsainia orodha za mahudhurio, karatasi za alama, barua za likizo. Fomu ya jarida ilipokuja, ikitaka kila mwandishi athibitishe kwamba amesoma na kukubali, niliisaini kwa mkono uleule, huku nawaza chakula cha jioni.

Makala yenyewe ilikuwa ya kweli. Hilo nitalisema hadi nizikwe. Miaka miwili nilichota maji kwenye mfereji unaotoka nyuma ya kiwanda kimoja na kupita katikati ya bustani za Naviundu, nikachuma na majani ya lengalenga yanayomwagiliwa humo. Madini ya risasi yalikuwa mengi hata nikadhani mashine imeharibika. Nilipima upya, yakawa yaleyale. Mama Dorcelle, mwenye bustani ya kwanza chini ya kiwanda, aliniruhusu kuchuma kwake ingawa alijua habari zikivuja atakosa wanunuzi. Nilimwambia aache kumwagilia maji yale, wala asiwapikie watoto wake mboga ile. Alinitii. Miezi mitano alibeba maji ya kisima kichwani kutoka mbali, kwa sababu nilimwahidi kwamba makala ikitoka, kiwanda hakitakuwa na pa kujificha.

Ikatoka. Wiki ya tatu profesa aliniita. Yeye ni mshauri wa kiwanda kile. Hilo nilikuwa nalijua, na bado sikufikiri. Mjinga ni mimi. Alikuwa ameshaliandikia jarida kwamba hajawahi kuiona makala hiyo na saini si yake. Nilimwomba aifute barua, aseme tu alisahau. Hakukasirika.

“Germaine, ulinionaka nasoma ile texte?”

“Hapana, prof.”

“Sasa unataka niandikie bale bantu bongo?”

Uongo hakukubali kuwaandikia. Nikatoka. Jarida liliponiuliza, nilikiri. Niliwasihi wahariri waondoe jina wabakize vipimo, nikawatumia madaftari yote. Wakajibu kwa upole kwamba vipimo hawana shaka navyo, lakini saini ya kughushi haivumiliki. Wako sawa. Ningekaa kwenye kiti chao ningefanya vilevile, na ndiyo maana hata mtu wa kumchukia sina.

Tangazo lilikuwa mstari mmoja: makala imeondolewa kwa kukiuka maadili ya uchapishaji. Kuhusu vipimo, kimya.

Nilikwenda Naviundu kumweleza Mama Dorcelle mwenyewe. Nilichelewa siku mbili. Raoul, msemaji wa kiwanda, alikuwa amepita bustani zote akigawa nakala za tangazo. Nilimkuta mama ameinama mferejini anajaza ndoo, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tujuane.

“Maman Germaine, balituonyesha karatasi. Article yako balitosha mu journal, haiko tena.”

“Balitosha juu ya jina, maman. Miye nilisaini pa nafasi ya prof. Mayi iko mubaya vile vile.”

Alinitazama kwa huruma. “Kama ilikuwa kweli, balitosha juu ya nini?”

Nilieleza tena, nikaeleza mara ya tatu. Kadiri nilivyokiri kwamba nilighushi saini, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nilighushi yote. Kando yake binti yake Keren, mwenye miaka mitano, alikuwa ameketi chini anakula bukari, ugali wa kwetu, na lengalenga. Mama Dorcelle akanifungia fungu kubwa la mboga, bure.

“Aksanti ya kutuambia kweli,” alisema. “Tulichoka kubeba mayi.”

Nilisimama pale na fungu mkononi, machozi yananitoka mbele ya watu. Keren akaomba mboga nyingine, na mama yake akampakulia.