Historia ya Gazeti la Bwana Enoka

Nyie mnaoniona hapa Isansa nikipalilia kahawa mnadhani nilifukuzwa kazi kule Tanga. Nani anifukuze? Niliondoka kwa hiari yangu, na Enoka nikamwachia balaa lake mezani.

Enoka ndiye aliyekuwa mwenye gazeti la kila siku pale mjini. Mimi na mdogo wangu Osea tulimpangia herufi za risasi za kuchapia miaka sita. Asubuhi moja mwaka 1936 karatasi ilikwama, Osea akainama ndani ya mashine kuitoa. Enoka akaniambia nizungushe gurudumu. Nikamwambia Osea bado yumo.

"Zungusha, atajitoa mwenyewe. Treni ya kubeba magazeti haitungoji."

Nikazungusha. Mungu anisamehe, nikazungusha.

Kesho yake gazeti likaandika kwamba Osea alikufa kwa ulevi. Osea, ambaye hata togwa alikuwa anauliza kwanza imelala siku ngapi! Gazeti lile likafika mpaka huku. Kanisa likamfuta katika kitabu cha waumini, na mama yetu, Nesta, akawa mama wa mlevi. Hilo ndilo lililonichoma. Nikabaki kazini miaka miwili, ndiyo bwana, hapana bwana, huku namtafutia siku yake.

Siku ikaja. Gazeti lilitimiza miaka kumi, Enoka akaandika historia yake ukurasa mzima. Humo, bila haya, akamtaja tena "mlevi mmoja aliyejiponza", halafu akanipa mimi niipange. Nikaipanga neno kwa neno. Nikatoa nakala ya kusahihisha, akaisoma, akatia sahihi. Baada ya sahihi hakuna anayesoma tena, na herufi za risasi hukaa kinyume, Enoka hakujua kuzisoma. Nikang'oa mistari yake, nikaweka yangu: Osea hakuwa mlevi, aliyeamuru gurudumu lizungushwe ni Enoka, aliyelizungusha ni mimi, Asajile, kaka yake. Jina langu lilinitoa jasho. Lakini ukweli wa nusu angeukanusha kirahisi.

Magazeti yakaondoka na treni, na mimi nikaondoka nayo. Nasikia wenye maduka walimnyima matangazo, watu wakawa wanatema mate mlangoni pake, na mwaka haukuisha akalifunga gazeti. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, wala sioni aibu.

Gazeti lilifika Isansa juma la pili. Mzee wa kanisa, Yonasi, akalisoma lote mbele ya waumini, na jina la Osea likarudishwa kitabuni palepale. Watu wakawa wanampongeza mama. Alipotoka nje nikamfuata, natarajia shukrani.

"Ulizungusha kwa mkono upi, mwanangu?"

Nikamwonyesha wa kulia. Akautazama sana, kisha akaenda zake nyumbani. Chakula ananipikia. Mkono hajanipa mpaka leo.